Jina kwenye Luku

Wakili wa kwanza, yule wa Posta mwenye kiyoyozi,
alitaja milioni mbili kama mtu anayeulizwa saa.
Nikashukuru. Nikashuka ngazi nikipiga hesabu kwa sare za shule:
sketi mia moja thelathini na tatu, na pindo zake.
Kuachana na wewe, Nolasco, kulinizidi bei.

Ndiyo maana tulikaa mwaka mwingine mzima,
wewe sebuleni na majokofu ya watu,
mimi chumbani na cherehani,
tukisalimiana kama wapangaji.

Halafu Bi Pendaeli. Tandika, juu ya duka la vipuri,
chumba kimoja, feni inayozunguka kwa manung'uniko,
meza iliyowahi kuwa mlango, tundu la kitasa bado lipo.
Nusu ulipe wewe, nusu mimi, kwa awamu, kwa simu.
Wanasheria wawili vijana, mmoja wako, mmoja wangu,
wakatia sahihi mbele yetu:
tukishindwana hapa, wao hawatasimama kortini,
tutafute wengine, tuanze upya, tulipe upya.
Nilikuona ukimeza mate.
Gharama ilitukalisha vitini
kuliko mapenzi yalivyowahi kutukalisha.

Siku ya kwanza uliniita "huyu mwanamke."
Bi Pendaeli hakukukemea. Aliuliza tu,
"Ana jina?"
Feni ikazunguka.
"Asteria," ukasema, nami nikashtuka:
hukuwa umelitamka tangu msiba wa mama yako.

Siku ya pili, mgawo.
Kiwanja cha Chanika kiuzwe, tugawane.
Deni la vikoba, mimi theluthi, wewe theluthi mbili,
kwa sababu pikipiki uliipanda wewe.
Jokofu ulilolifufua mara tatu libaki kwangu,
likifa mara ya nne nitalizika mwenyewe.
Imakulata alale kwangu, Jumamosi awe kwako, ada nusu kwa nusu.
"Na viatu?" nikauliza. "Anavila viatu huyo."
Ukacheka. Mimi pia.
Kijana wa watu, kwa uso wa kazi, akaandika: viatu.

Lakini yule wa Kigamboni hakuwa na mstari kwenye karatasi.
Nilitaka awemo. Nilipiga meza.
Bi Pendaeli akaweka kalamu chini:
"Hilo hatuwezi kuligawa. Tunaweza kulisikiliza."
Vijana wakatoka kununua maji.
Nikasema dakika arobaini.
Hukujitetea. Ulikuwa ukitazama lile tundu la kitasa
kama unayetafuta ufunguo wake.
Sikukusamehe, usije ukadanganyika.
Ila zile dakika arobaini ningezilipia peke yake.

Kuachana, kuchana: herufi moja tu.
Mimi ni fundi, najua kilichomo katikati.
Anayechana anavuta tu, kitambaa kinalia, hakirudi.
Anayefumua anakaa chini,
wembe mdogo, nuru ya kutosha,
uzi baada ya uzi,
na mwisho ana vipande viwili
ambavyo kila kimoja bado chaweza kuwa kitu.

Mahakamani tulipeleka karatasi, hatukupeleka matusi.
Hakimu alisoma kurasa nne, akauliza kama ndivyo.
Ndivyo.
Nje ulininunulia soda, nikainywa nusu, nikaondoka.

Kitu kimoja tulikisahau wote watano.
Jana usiku umeme ulikatika nikiwa kwenye pindo.
Nikanunua wa elfu tano. Ujumbe ukaingia,
tarakimu ishirini, na juu yake:
NOLASCO B. MHAGAMA.

Naweza kwenda Tanesco wakabadilishe.
Kuna fomu, kuna foleni, kuna picha ndogo mbili.
Nitakwenda, sketi za Januari zikipungua.
Nikaziingiza namba nne nne gizani,
jina lako likinimulika vidole.
Taa ikawaka.
Nikaendelea na pindo.